KIA: Zaidi ya Nusu Karne ya Lango la Kaskazini

Zikiwa zimebaki siku saba Tanzania Bara itimize miaka kumi ya uhuru, tarehe 2 Desemba 1971, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro ulifunguliwa kwenye uwanda wa Sanya, baina ya Arusha na Moshi. Eneo lile lilikuwa malisho ya wafugaji: ardhi kavu, migunga, vumbi la kiangazi na upepo wa mchana usiopata cha kuuzuia. Upande mmoja Kilimanjaro, mita 5,895. Upande mwingine Meru, mita zaidi ya 4,500. Arusha iko kama kilomita 50 magharibi, na Moshi iko karibu kidogo upande wa mashariki.

Wenyeji waliufupisha jina upesi wakauita KIA, na ufupisho huo sasa umebeba mambo mengi kuliko uwanja wenyewe. Ni jina la njia panda kwenye barabara kuu ya Arusha–Moshi, ni kituo cha kushukia abiria wa daladala, ni jina la makazi yaliyoota kandokando. Kiutawala uwanja uko Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro. Lakini maisha yake tangu mwanzo yamefungamana na Arusha, kwa sababu Arusha ndiko ziliko ofisi za hifadhi, kampuni za utalii, mikutano ya kimataifa na hoteli za kulala wageni kabla hawajaelekea Manyara, Ngorongoro na Serengeti.

Kwa nini pale porini, wakati miji yote miwili tayari ilikuwa na viwanja vyake vidogo? Ukiisoma ramani, jibu linajitokeza. Kiwanja cha Arusha kiko Kisongo, chini ya Meru, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na kadiri hewa inavyokuwa nyepesi na joto linavyopanda, ndivyo ndege nzito inavyohitaji umbali mrefu zaidi wa kukimbia kabla ya kunyanyuka. KIA iko mita 894, kwenye tambarare pana, na njia yake ya kurukia ina urefu wa karibu kilomita 3.6. Ndege kubwa inaweza kuondoka hapo na mafuta ya kuifikisha Ulaya. Kisongo isingewezekana kabisa.

Ujenzi uligharimu dola za Marekani milioni 13, fedha zilizotokana na mkopo wa muda mrefu wa serikali ya Italia. Kwa nchi iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha miaka minne tu kabla, na kusema wazi kwamba fedha si msingi wa maendeleo, huo ulikuwa mzigo wa kufikiriwa sana. Na ulifikiriwa. Mwaka 1970 magazeti ya Dar es Salaam yaliendesha mjadala mkali juu ya utalii: je, nchi ya kijamaa inafaa kujenga hoteli za wageni matajiri wakati vijiji havina maji? Vijana wa Chuo Kikuu walikuwa mstari wa mbele kupinga, na hoja za pande zote zilikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji mwaka 1973. Wakati wanabishana, saruji ilikuwa inamwagwa. Miaka hiyohiyo shirika la umma la utalii lilikuwa linajenga lodji kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro na kule Lobo, kaskazini mwa Serengeti. Uwanja wa ndege ulikuwa sehemu ya mpango huo mmoja.

Hoja ya serikali ilikuwa na nguvu, na hata leo haijachuja. Mtalii wa wakati ule alikuwa anatua Nairobi. Analala hoteli ya Nairobi, anapanda gari la kampuni ya Nairobi, anavuka Namanga au anapita Bologonja kutoka Maasai Mara, anawaona simba na nyumbu wa Serengeti, kisha anarudi Nairobi kupanda ndege ya kwao. Tanzania ilikuwa na wanyama na ilikuwa na gharama ya kuwatunza, lakini sehemu kubwa ya fedha ya mgeni ilibaki ng'ambo ya mpaka. KIA ilijengwa ili mgeni atue upande wa kusini wa mpaka, na mapato yaanzie hapo alipokanyaga.

Miaka mitano ya kwanza ilipita ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa Arusha tangu 1967. Shirika la ndege lilikuwa moja kwa nchi tatu, na makao yake yalikuwa Nairobi. Kisha ukaja mwaka 1977. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianguka mwanzoni mwa mwaka, Jumuiya ikavunjika, na mwezi Februari Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Magari na ndege ndogo za kampuni za Kenya zilizokuwa upande huu zilizuiliwa, pamoja na watalii waliokuwa ndani ya hifadhi. Machi 1977 Tanzania iliunda shirika lake, Air Tanzania. Njia ya Bologonja kwa msafara wa kawaida wa watalii haijafunguliwa tena.

Hapo ndipo KIA ilipopata nafasi iliyojengewa. Hakukuwa tena na Nairobi ya kupitia. Yeyote aliyetaka kuuona mlima au Serengeti kwa njia ya haraka alipaswa kutua Sanya. Lakini wageni hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Kampuni za Ulaya zilikuwa zimeuza safari ya Kenya na Tanzania kama kifurushi kimoja, na mpaka ulipofungwa ziliikata Tanzania zikabaki na Kenya. Baada ya hapo ikaja vita ya Kagera mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikakauka, na hoteli zikakosa vipuri, sabuni na hata sukari. Ule uwanja wenye njia ya kilomita tatu na nusu uliishi miaka mingi ukiwa mkubwa kuliko kazi yake.

Arusha yenyewe ilikuwa na jengo lenye bahati ileile. Maghorofa yaliyojengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya yalikaribia kukamilika wakati Jumuiya inakufa. Mwaka 1978 yakageuzwa kuwa Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, AICC. Uwanja na kituo hicho vilikuja kutegemeana kwa namna ambayo hakuna mchoraji wa ramani aliyeipanga. Mkutano hauitishwi mahali pasipofikika, na ndege haziji mahali pasipo na shughuli. Novemba 1983 viongozi wa Tanzania, Kenya na Uganda walikutana Arusha kumaliza ugomvi wa kugawana mali ya Jumuiya iliyokufa, na mpaka ukafunguliwa tena. Kwa KIA, hiyo ilikuwa habari njema na mtihani pia, kwa sababu Nairobi ilirudi kuwa mshindani.

Katika muongo wa tisini uwanja ulipata wageni wa aina nyingine. Mazungumzo ya amani ya Rwanda yalifanyika Arusha, na mkataba ukatiwa saini tarehe 4 Agosti 1993. Haukuzuia mauaji ya kimbari ya mwaka uliofuata. Novemba 1994 Umoja wa Mataifa ukaunda mahakama ya kuwahukumu waliohusika, na makao yake yakawekwa ndani ya AICC. Tangu hapo, kwa karibu miaka ishirini, majaji, mawakili, wakalimani, mashahidi na waandishi wa habari walikuwa wakiingia na kutoka kupitia KIA. Watuhumiwa waliokamatwa Afrika na Ulaya nao walishushwa hapo, kisha wakasafirishwa kwa msafara wa ulinzi hadi mahabusu ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa ndani ya eneo la gereza la Kisongo. Watu 93 walishtakiwa mbele ya mahakama hiyo. Septemba 1998 ilitoa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba.

Mgeni mashuhuri zaidi wa kipindi hicho alifika Agosti 2000. Rais Bill Clinton wa Marekani alitua kushuhudia utiaji saini wa mkataba wa amani wa Burundi, uliosimamiwa na Nelson Mandela baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere, ambaye ndiye aliyeanza usuluhishi. Februari 2008 alifuata George W. Bush, aliyetembelea kiwanda cha vyandarua na hospitali mkoani Arusha. Katika siku kama hizo, barabara ya kutoka KIA kupitia Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River na Tengeru hufungwa kwa saa kadhaa, na wanafunzi hupangwa pembezoni na bendera mkononi. Wakazi wa Meru wa rika fulani huhesabu miaka kwa misafara hiyo.

Jambo lililoitenga KIA na viwanja vingine vya nchi lilitokea mwaka 1998. Serikali iliukabidhi uendeshaji wake kwa Kampuni ya Uendelezaji wa Viwanja vya Ndege Kilimanjaro, KADCO, kwa mkataba wa miaka 25. Wanahisa wakubwa walikuwa kampuni ya uhandisi ya Uingereza, Mott MacDonald, na mfuko wa uwekezaji wa Afrika Kusini. Serikali ilibaki na hisa chache. KIA ikawa miongoni mwa viwanja vya kwanza vya kimataifa barani Afrika kuendeshwa na kampuni binafsi. Ni vyema kukumbuka kwamba Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, TAA, ilianzishwa mwaka mmoja baadaye, 1999. Kwa maneno mengine KIA iliondoka mikononi mwa serikali kabla ya chombo chenyewe cha serikali cha kusimamia viwanja kuwapo kwa sura yake ya sasa.

Matunda ya ubinafsishaji yalikuwa ya mchanganyiko. Huduma ziliendelea, usalama wa kimataifa ulizingatiwa, lakini uwekezaji mkubwa ulioahidiwa na zama zile haukuonekana kwa kasi iliyotarajiwa. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii serikali ilinunua hisa zote. Hali iliyofuata iliwasumbua wabunge na wakaguzi kwa zaidi ya miaka kumi: kampuni ilikuwa ya serikali kwa asilimia mia, ikiendesha uwanja wa serikali chini ya mkataba ulioandikiwa wawekezaji, wakati kuna mamlaka nyingine ya serikali yenye kazi hiyohiyo. Novemba 2023, mkataba ukiwa umefika ukingoni, TAA ilikabidhiwa uwanja. Mtu anaweza kusema hilo lingefanyika mapema zaidi, na atakuwa na haki.

Historia ya kuadhimisha haifai kuruka ukurasa mchafu. Novemba 2010 ndege ya kijeshi ya Qatar iliondoka KIA ikiwa imebeba wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwamo twiga wanne. Habari zilipofichuka nchi ilishtuka. Twiga ni mnyama wa taifa, na mnyama mrefu kiasi kile hawezi kupita uwanjani bila macho kumwona. Suala lilifika bungeni, watumishi wa idara ya wanyamapori wakasimamishwa, na mwaka 2014 mahakama mjini Moshi ikamtia hatiani raia wa Pakistani ambaye wakati huo alishatoroka. Twiga hawakurudi. Uwanja uliojengwa ili watu waje kuwaona wanyama walipo ulitumiwa kuwahamisha wanyama wapelekwe kwa watu, na kwa wengi wa kaskazini hilo lilikuwa jeraha.

Miaka miwili baada ya safari ile ya twiga, mambo yalichangamka kwa njia halali. Kwa muda mrefu ndege kubwa kutoka Ulaya ilikuwa ile ya KLM kutoka Amsterdam, inayotua jioni ikaendelea Dar es Salaam, na Ethiopian Airlines ikaleta wasafiri kupitia Addis Ababa. Mwaka 2012 Qatar Airways na Turkish Airlines zote zilianza kutua KIA. Mgeni wa Chicago, Guangzhou au Oslo sasa aliweza kubadili ndege Doha au Istanbul na kufika Sanya bila kuiona Nairobi wala Dar es Salaam. Lengo la 1971 lilikuwa linatimia, miaka arobaini na mmoja baadaye.

Tukio la tarehe 18 Desemba 2013 liliifundisha dunia nzima tofauti kati ya KIA na Kisongo. Ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767 ilikuwa inakuja KIA, ambako ndege ndogo iliyopata hitilafu ilikuwa imeziba njia. Marubani wakaishia kutua kiwanja cha Arusha, ambacho njia yake ilikuwa ya mita 1,600 na ushei, chini ya nusu ya ile ya KIA. Ndege ilisimama baada ya kupita mwisho wa lami, magurudumu yakiwa kwenye nyasi na udongo wa mvua. Hakuna aliyeumia. Wakazi wa Kisongo walimiminika kuitazama, maana ndege za pale kwa kawaida hubeba abiria kumi na wawili au hamsini wanaokwenda Seronera, Zanzibar au Dar es Salaam. Siku chache baadaye, ikiwa imepunguzwa uzito, iliruka salama kutoka kwenye lami ileile fupi. Marubani wengi wa Arusha bado huuzungumzia mruko huo kwa heshima.

Kisongo ina sifa zake yenyewe. Ndiko Precision Air, iliyoasisiwa na Michael Shirima, ilikoanzia miaka ya tisini kwa ndege ndogo ya kukodi kabla haijawa shirika la nchi nzima. Mpaka leo mgawanyo wa kazi ni uleule: KIA hupokea walimwengu, Kisongo huwatawanya porini na pwani. Mgeni akishamaliza mlima na mbuga, ndege ya saa moja na kitu humfikisha kwenye fukwe za Unguja.

Kati ya 2014 na 2017 KIA ilifanyiwa ukarabati mkubwa wa kwanza tangu izaliwe. Serikali ya Uholanzi ilichangia fedha, na kampuni ya Kiholanzi ya BAM ikafanya kazi. Jengo la abiria lilipanuliwa, maegesho na njia za ndege zikarekebishwa, na uwezo ukaongezwa kutoka abiria 600,000 kwa mwaka hadi milioni 1.2. Anayekumbuka foleni za viza za zamani, abiria wa ndege mbili wakibanana ukumbi mmoja wenye joto, anajua kazi hiyo ilikuwa imechelewa sana.

Ila abiria ni nusu tu ya uwanja. Nusu nyingine ni mizigo, na hapo ndipo KIA inadaiwa zaidi na majirani zake. Kwenye miteremko ya Meru, kuanzia Tengeru hadi Usa River, maji ya mlima na baridi ya usiku vimezaa mashamba ya waridi, vipandikizi vya maua, maharage machanga na njegere kwa ajili ya soko la Ulaya. Ua likishakatwa linahitaji baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri na ndege ya haraka. Ndege ya abiria ina nafasi ndogo tumboni, na ndege za mizigo peke yake huja KIA kwa nadra, kwa kuwa haziwezi kuja tupu. Kwa hiyo kwa miaka mingi malori yenye majokofu yamepakia maua chini ya Meru, yakapita karibu na uwanja wa kimataifa uliojengwa kwa mkopo wa taifa, yakavuka Namanga kwenda kupakuliwa Nairobi. Taasisi ya wakulima wa mboga, maua na matunda, TAHA, yenye makao Arusha tangu 2004, imepigania jambo hili bila kuchoka. Ina haki. Sababu iliyowafanya waasisi waikope Italia kwa ajili ya watalii ni ileile inayosema ua la Usa River lisafiri kutoka Sanya.

Majirani wa karibu zaidi wana dai lao. Uwanja ulitengewa ardhi kubwa mno, takriban kilomita za mraba 110, na ndani ya mipaka hiyo kuna watu wanaolima na kuchunga, upande wa Hai na upande wa Meru. Wengine wanasema walikuwapo kabla ya uwanja. Uongozi ulishika ramani na hati. Mgogoro huo ulidumu miongo, ukapitia kwa mawaziri wengi, ukazuia shule na zahanati kujengwa kwa sababu hakuna aliyejua ardhi ni ya nani. Miaka ya karibuni serikali imelipa fidia na kuweka mpaka. Uwanja unahitaji usalama na nafasi ya kupanuka, hilo halina ubishi. Lakini mfugaji wa Sanya naye ni sehemu ya historia hii, tena alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Aprili 2020 Tanzania ilisitisha ndege za abiria za kimataifa kwa sababu ya Uviko-19. Arusha ilinyamaza. Wapagazi wa mlimani, wale wanaojiita wagumu, walirudi kulima. Madereva wa safari waliegesha Land Cruiser uani. Wachonga vinyago walifunga vibanda. Kila mtu aliona jinsi mji mzima unavyovuta pumzi kupitia uwanja ulioko kilomita 50. Anga ilifunguliwa tarehe 18 Mei, mapema kuliko kwa majirani. Aprili 2022 filamu ya Royal Tour, iliyomwonyesha Rais Samia Suluhu Hassan akimtembeza mtangazaji Peter Greenberg vivutioni, ilizinduliwa Arusha baada ya New York, na mashirika ya Ulaya kama Edelweiss ya Uswisi yakawa yameshaongeza KIA kwenye ratiba zao.

Sasa Arusha inajiandaa kuwa miongoni mwa miji ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, litakaloandaliwa kwa pamoja na Tanzania, Kenya na Uganda. Uwanja wa mpira unajengwa, hoteli zinaongezwa, na mashabiki watakaofuata timu zao watashuka Sanya kwa maelfu. Maandalizi ya kuwapokea yanaeleweka, na yana tarehe. Vyumba vya baridi, ada zinazovutia ndege za mizigo, na ratiba ya uhakika ambayo mkulima wa Tengeru anaweza kuipangia mavuno yake bado havijapewa tarehe, na TAA, ikiwa imeupokea uwanja mkononi mwake, ndiyo yenye uwezo wa kuitaja.